Ugonjwa Uliosafiri na Seremala

Machi 20, 1846, seremala mmoja alipanda merikebu mjini Copenhagen, Denmark, akaelekea visiwa vya Faroe. Visiwa hivyo viko kaskazini ya mbali, katika bahari ya baridi iliyo kati ya Scotland na Iceland. Merikebu ilitia nanga Tórshavn Machi 28, naye akashuka. Mwanzoni mwa Aprili akashikwa na homa, na vipele vikamtoka. Ilikuwa surua, ambayo ndugu zetu wa Kenya huiita ukambi.

Tegeni masikio, wanangu, maana seremala huyu ametufundisha mengi bila kukusudia. Visiwa vya Faroe vilikuwa havijaona surua kwa miaka 65. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1781. Watoto waliozaliwa baada ya hapo walikua, wakaoa na kuolewa, wakapata wajukuu, na surua wakaisikia kwa wazee tu. Visiwani kulikuwa na watu 7,782. Katika miezi michache zaidi ya 6,000 kati yao wakawa wameugua.

Serikali ya Denmark ikawatuma madaktari wawili vijana. Mmoja aliitwa Peter Ludvig Panum, umri wake miaka 25. Dawa ya kuiua surua hakuwa nayo, na hata leo hakuna. Alichokuwa nacho ni daftari na subira. Akapita kijiji hata kijiji akiuliza maswali yale yale: ulianza kuumwa lini? Kabla ya hapo ulikutana na nani?

Katika kijiji cha Tjørnuvík aliambiwa habari za wanaume kumi. Juni 4 walikuwa wamekwenda Vestmanna kuwinda nyangumi, kazi inayokusanya watu wa vijiji vingi mahali pamoja. Wakarudi kwao wakiwa wazima kabisa. Juni 18 wote kumi wakatokwa na vipele, siku moja. Panum akahesabu: siku 14. Wiki mbili nyingine hivi zikapita, na karibu kijiji kizima kikawa kitandani. Kwa hesabu hiyo ndogo ya vidole daktari kijana akawa amegundua jambo ambalo wakubwa wake walikuwa hawajalijua vyema: surua hukaa kimya mwilini kwa muda wa wiki mbili hivi kabla haijajionyesha, na huruka kutoka mtu hadi mtu.

Kisha akawauliza wazee. Wapo waliokuwa wameugua surua mwaka 1781, wakiwa watoto. Safari hii hata mmoja wao hakuugua tena, ingawa nyumba zao zilijaa wagonjwa. Mwili ulikuwa bado unaikumbuka surua baada ya miaka 65.

Kila chanjo ya surua inayotolewa leo, iwe Kigoma, Lamu au Bukavu, imesimama juu ya jambo hilo walilotuonyesha wale wazee: mwili ukiijua surua mara moja, hauisahau. Kilichobaki kilikuwa kutafuta njia ya kuufundisha mwili bila kuuguza mtu.

Kwa nini tuhangaike hivyo kwa ajili ya vipele? Kwa sababu vipele ndiyo madhara yake madogo kuliko yote. Surua husafiri hewani. Mgonjwa akikohoa chumbani kisha akatoka, kirusi huweza kubaki mle ndani hadi saa mbili. Kati ya watu kumi wasio na kinga waliokaa karibu na mgonjwa, hadi tisa huambukizwa. Tena mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya kipele cha kwanza kutokea, wakati mama yake bado anadhani ni mafua tu. Baada ya hapo huweza kufuata nimonia, kuharisha kukali, upofu, au uvimbe wa ubongo. Kabla ya chanjo kuanza kutumika mwaka 1963, inakadiriwa surua iliua watu milioni 2.6 duniani kila mwaka, wengi wao wadogo kuliko ninyi.

Liko na jingine ambalo wanasayansi walilithibitisha vizuri mwaka 2019. Surua huingia katika zile chembe zinazotunza kumbukumbu za magonjwa mengine na kuzifuta, kama moto ulioingia ofisi ya shule na kuteketeza madaftari yote ya mahudhurio. Walipopima damu ya watoto kabla na baada ya kuugua, waliona wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto aliyepona surua anaweza kurudi shule akicheka, na miezi kadhaa baadaye akaangushwa na ugonjwa ambao mwili wake ulikuwa unaujua. Nyumbani watasema alikuwa mtoto wa kuumwaumwa. Surua hawaitaji.

Haya, sasa turuke hadi mwaka 1954. Surua ililipuka katika shule moja ya bweni karibu na Boston, Marekani. Daktari Thomas Peebles alikwenda huko, akachukua damu na ute wa koo wa wavulana waliougua, akampelekea mkuu wake wa maabara, John Enders. Kirusi kilichokubali kuoteshwa kilitoka kwa mvulana mmoja wa shule aitwaye David Edmonston. Kikakuzwa na kuhamishwa mara nyingi kutoka chembe hadi chembe, mwisho ndani ya chembe za kifaranga, mpaka kikadhoofika. Kilichotoka hapo kinaufundisha mwili wala hakiuguzi kama surua. Chanjo nyingi za surua zinazotumika hadi leo ni uzao wa kirusi kile cha koo la mwanafunzi.

Mwaka 1960, kabla Marekani yenyewe haijaidhinisha chanjo hiyo, daktari Samuel Katz wa maabara ya Enders aliipeleka Nigeria, katika eneo la Ilesha. Alialikwa na daktari Mwingereza David Morley, aliyekuwa akiona watoto wakifa kwa surua pale hospitalini kwa wingi usiojulikana tena Ulaya. Kwa hiyo msisikie mtu akisema chanjo hii ni mambo ya wazungu. Watoto wa Afrika walikuwemo tangu mwanzo, na akina mama wa Afrika walijua surua ni kitu gani.

Tena nchi ya kwanza duniani kuikata surua ilikuwa ya Afrika. Kuanzia mwaka 1967 Gambia, kanchi kembamba kandokando ya mto, ilichanja watoto wake kwa mpango mkubwa uliosaidiwa na Marekani pamoja na kazi ya kutokomeza ndui. Surua ikapotea nchini kote. Halafu msaada ukakoma, kampeni zikakoma, watoto wapya wakazaliwa bila chanjo, na surua ikarudi kutoka nje. Kila nikifika hapa katika hadithi hii naumia. Kazi ilikuwa imefanyika, na ilifanyika vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuiendeleza.

Sijawaambia habari za rubella. Hii ni mdanganyifu. Mtoto akiipata huwa na homa kidogo, vipele kidogo, siku tatu nne amepona, anarudi kucheza mpira. Lakini ikimpata mama mwenye mimba changa, humfikia mtoto aliye tumboni.

Aliyeligundua hilo ni daktari wa macho wa Sydney, Australia, aitwaye Norman Gregg. Mwaka 1941 aliona ajabu: vichanga wengi mno wanaletwa wakiwa na mtoto wa jicho, ugonjwa uliozoeleka kwa vikongwe. Inasimuliwa kwamba aliwasikia akina mama wakizungumza wao kwa wao walipokuwa wakingoja zamu, wakitajiana kwamba wote waliugua rubella walipokuwa wajawazito. Gregg akakusanya habari za vichanga 78, akakuta karibu mama zao wote walikuwa wameugua. Wengi wa watoto hao walikuwa pia na kasoro ya moyo. Baadaye ikajulikana kwamba wengine huzaliwa viziwi. Daktari mwingine angewaona akina mama wale ni wapiga soga. Yeye alisikiliza, na ndiyo maana leo chanjo ya surua na chanjo ya rubella zimetiwa katika kichupa kimoja. Rwanda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2013, ikiwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara kufanya hivyo kwa msaada wa Gavi, shirika linalozisaidia nchi kununua chanjo. Tanzania ikafuata mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016. Na Australia, nyumbani kwa Gregg, ilithibitishwa kuwa imeitokomeza rubella mwaka 2018.

Njoo sasa tukitazame kichupa chenyewe, maana ukikijua utaelewa kwa nini nchi moja haiwezi kujitegemea peke yake. Ni kidogo, kinatosha kwenye kiganja. Ndani yake mna unga mkavu. Sehemu kubwa ya chanjo hii hutengenezwa India, katika mji wa Pune, na UNICEF huinunua kwa ajili ya nchi nyingi kwa mpigo mmoja ili bei ishuke. Kutoka hapo haitakiwi kuota joto hata njiani. Inapanda ndege, inalala kwenye majokofu ya taifa, inashuka mkoani, wilayani, mpaka kwenye zahanati, halafu ndani ya kasha lenye barafu mgongoni mwa pikipiki au ndani ya mtumbwi. Juu ya kichupa pana alama ndogo: mraba ndani ya duara. Joto likizidi, mraba hugeuka rangi kidogo kidogo. Ukifikia rangi ya duara, muuguzi anakitupa.

Muuguzi huuyeyusha ule unga kwa maji yake maalumu yaliyokuja nao, na kuanzia dakika hiyo ana saa sita tu. Baada ya hapo kilichobaki kinamwagwa. Kichupa cha kawaida kinatosha watoto kumi. Je, mama mmoja akija peke yake na mtoto mmoja, ametembea saa mbili, kichupa kifunguliwe? Wapo wauguzi wanaomwambia arudi siku ya wengi, kwa sababu wameambiwa wasipoteze chanjo. Wengine hurudi, wengine hawarudi. Mimi nasema kifunguliwe. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hivyo hivyo. Ndiyo maana nchi inahitaji vichupa zaidi ya idadi ya watoto wake, na huo ni msaada mmoja ambao usipotolewa watoto huachwa bila mtu kujua.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni watoto 100 waliozaliwa mwaka huu. Tuseme 80 wamechanjwa wakiwa na miezi tisa. Katika umri huo chanjo hushika kwa watoto 85 hivi kati ya 100, kwa sababu kinga waliyoachiwa na mama zao bado inaizuia kwa wengine. Asilimia 85 ya 80 ni 68. Wamebaki 32 wasio na kinga. Mwaka ujao 32 wengine, mwaka wa tatu 32 wengine. Jumla 96, karibu sawa na watoto wote wa mwaka mzima ambao hawakuchanjwa kabisa. Surua huwasubiri wafike hapo, ndipo hulipuka. Hiyo ndiyo sababu ya dozi ya pili, ambayo Tanzania na Kenya hutolewa mtoto akifika miezi 18, na ndiyo sababu kila baada ya miaka kadhaa mnaona kampeni, wahudumu wakipita shuleni, sokoni na misikitini, wakimpaka wino kidoleni kila mtoto aliyechanjwa. Ili surua isipate njia, watu 95 kati ya 100 wanatakiwa wawe na kinga. Mwaka 2024 duniani kote dozi ya kwanza iliwafikia watoto 84 kati ya 100, na ya pili 76.

Pengo hilo linafanana na nini? Tuulize visiwa vya Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, vyenye watu laki mbili hivi. Julai 2018 watoto wachanga wawili walifariki baada ya kuchanjwa. Uchunguzi ulionyesha chanjo haikuwa na kosa: unga wake ulikuwa umechanganywa na dawa nyingine badala ya maji yake. Lakini serikali ilisimamisha chanjo kwa miezi mingi, wazazi wakaingiwa na hofu, na maneno ya uongo yakapata pa kumea. Mwaka huo ni theluthi moja tu hivi ya watoto waliopata dozi yao ya kwanza. Mwaka 2019 surua ikaingia kwa ndege. Shule zikafungwa. Desemba 5 na 6 serikali ikafunga ofisi zote na magari yakaacha barabara. Familia zenye mtu asiyechanjwa ziliambiwa zitundike kitambaa chekundu mbele ya nyumba, na timu za chanjo zikapita mlango kwa mlango zikifuata vile vitambaa. Wauguzi na madaktari walikuja kutoka New Zealand, Australia na kwingineko kuwasaidia. Kufikia mwisho wa mwezi karibu wote walikuwa wamechanjwa. Lakini mlipuko huo uliua watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano.

Walioleta msaada Samoa walifika baada ya makaburi kuchimbwa. Msaada wa kweli ni ule unaokuja wakati hakuna mgonjwa hata mmoja, na huo ndio mgumu kuuombea fedha. Tazameni jirani zetu wa Kongo. Mwaka 2019 dunia nzima ilikuwa inaitazama Ebola huko mashariki, nayo ilistahili kutazamwa. Wakati huo huo surua ilikuwa inapita katika mikoa yote ya nchi ile. Kufikia Januari 2020 waliodhaniwa kuugua walikuwa zaidi ya 310,000, na waliofariki zaidi ya 6,000. Ebola ile iliua watu 2,287. Surua iliua zaidi ya mara mbili yao, na chanjo yake ilikuwapo tangu babu zenu wakiwa vijana.

Basi nchi hutambuliwaje kwamba imeitokomeza surua? Kusema haitoshi, lazima ithibitishe. Kila mtoto mwenye homa na vipele huchukuliwa damu, nayo hupelekwa maabara. Maabara za namna hiyo ni zaidi ya 700 duniani, na kwa kanda yetu iko moja kubwa Entebbe, Uganda, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi. Wataalamu husoma kirusi na kujua kama ni mwenyeji au mgeni aliyeingia jana kutoka nje. Nchi ikikaa angalau miaka mitatu bila surua ya kienyeji, huku ikionyesha kwamba inatafuta kweli, ndipo huthibitishwa.

Mwaka 2025 Shelisheli, Morisi na Cabo Verde zikathibitishwa kuwa zimeondoa surua na rubella, za kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Zote tatu ni visiwa, kama Faroe ya yule seremala. Meli na ndege zinatua kila siku, na wagonjwa wataingia siku moja au nyingine. Tofauti ni kwamba safari hii atakayeshuka atawakuta watu wanaoijua surua bila kuiugua. Mwaka huo huo Canada, nchi tajiri iliyoiondoa surua tangu 1998, ilipoteza hadhi hiyo kwa sababu ugonjwa ulienea kwa zaidi ya mwaka miongoni mwa wasiochanjwa. Utajiri haukuisaidia mahali ambapo mikono haikuchanjwa.

Na Gambia? Watoto wa kule wamesaidia kujaribu chanjo ya surua na rubella isiyo na sindano: kibandiko kidogo chenye ncha fupi mno, kinabandikwa mkononi kwa dakika chache kisha kinabanduliwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalikuwa mazuri. Kikifanikiwa, hakitahitaji maji ya kuyeyushia, wala muuguzi hatajiuliza afungue kichupa cha watoto kumi kwa ajili ya mmoja. Bado kinafanyiwa majaribio, kwa hiyo leo tunacho kichupa.

Basi kila mmoja wenu nampa kazi. Leo jioni omba uione kadi ya kliniki ya mdogo wako. Tafuta mstari wa surua-rubella, miezi tisa na miezi 18. Mara nyingi wa kwanza umejazwa na wa pili uko wazi, kwa sababu mtoto wa miezi 18 anakimbia, anakula, na nyumbani wamekwisha kusahau kliniki. Ukiukuta uko wazi na umri umefika, mwambie mama, baba au bibi, na umwonyeshe kwa kidole. Chanjo hiyo hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali.